Volendam: Mji ambao familia nzima huvaa nguo za wavuvi kwa ajili ya picha moja

Bibi aligoma mlangoni. Wajukuu wake wawili walikuwa wameshaingia ndani wanajaribu viatu vya mbao, mkwe wake ameshavua koti, na binti yake ameshaulizia bei. Yeye alibaki kizingitini, mkono mmoja umeshika mtandio usipeperushwe na upepo, akitazama picha zilizojaa kwenye kioo cha duka. Watu wote katika picha hizo walivaa nguo zinazofanana: wanawake wenye kofia nyeupe zilizochongoka, wanaume wenye suruali pana kama magunia, watoto wameshika maua.

"Nguo za nani hizi?" aliuliza.

"Za wenyeji wa hapa, Mama. Za wavuvi wa zamani."

"Na wenyewe mbona hawajazivaa?"

Binti alicheka, kisha akanyamaza. Swali lilikuwa la haki. Kando ya bandari wenyeji walikuwa wanapita na jinzi na majaketi yao kama watu wa mji mwingine wowote. Waliovaa mavazi ya Volendam asubuhi ile walikuwa wageni, kila mmoja kwa dakika chache, kisha anayavua na kwenda kula samaki.

Volendam ni mji mdogo wa bandari nchini Uholanzi, kilometa kama 20 kaskazini mashariki mwa Amsterdam. Kwa basi kutoka kituo kikuu cha Amsterdam ni safari ya nusu saa hivi. Familia hii ya Kitanzania ilikuwa imetoka Rotterdam, ambako mama, baba na watoto wanaishi. Bibi alikuwa amekuja kutoka Tanga kuwatembelea kwa miezi miwili, na Jumatano iliyokuwa inafuata angepanda ndege kurudi nyumbani.

Hapo ndipo picha ilipopata uzito. Mjukuu wa kiume, mwenye miaka 5, alikuwa hajawahi kumwona bibi yake ana kwa ana kabla ya safari hiyo. Nauli ni kubwa, viza ni shughuli, na umri wa bibi unakwenda. Mama alitaka picha moja nzuri ya vizazi vitatu, ya kutundikwa Rotterdam na nakala yake Tanga. Bibi naye alitaka picha hiyo. Alichokikataa ni namna yake.

"Watoto hawa watanikumbuka kwa picha hii," alisema. "Ndiyo wanikumbuke nina pembe kichwani?"

Mteja havui nguo zake

Mtaa mkuu wa Volendam umejengwa juu ya tuta la kuzuia maji. Upande mmoja ni bandari na mashua, upande wa pili ni safu ya nyumba ndogo zilizogeuzwa kuwa mikahawa, maduka ya jibini, vibanda vya samaki na studio za picha. Ukishuka nyuma ya tuta unakuta nyumba za wenyeji zikiwa chini kuliko barabara, zimebanana kwenye vichochoro. Mtoto akisimama pale na kuambiwa kwamba maji yapo juu upande wa pili, anaelewa Uholanzi ni nchi ya namna gani haraka kuliko angesoma kitabuni.

Ndani ya studio kazi inakwenda mbio. Mgeni hatakiwi kuvua nguo zake. Mavazi ya studio yameshonwa yakiwa wazi mgongoni, hivyo mhudumu anayavika juu ya shati au gauni la mteja na kuyafunga kwa nyuma. Kwa njia hiyo vazi moja linamfaa mwembamba na mnene, na hakuna anayehitaji chumba cha kubadilishia. Kisha linafuata pambo la shingoni, kofia, na mwisho viatu vya mbao. Familia ya watu watano inakuwa tayari ndani ya dakika chache.

Baada ya hapo watu wanapangwa mbele ya mandhari iliyoandaliwa, aghalabu sebule ya zamani ya mvuvi au bandari iliyochorwa. Kila mmoja anakabidhiwa kitu cha kushika: kodiani, kapu, jibini la duara au maua ya tulipu. Mpiga picha anasema neno la kuchekesha, taa inamulika, na baada ya muda mfupi picha iko mezani.

Mjukuu wa kike, miaka 9, alikuwa anatembea huku na huko akipiga kishindo sakafuni. "Bibi, sikiliza!"

Bibi alinyanyua kichwa. "Mitawanda hiyo," alisema. "Mama yangu alikuwa nayo ya kuingilia bafuni." Akaingia ndani aione vizuri.

Mitawanda ya pwani ni kipande cha mbao chenye kishikizo cha kubana kati ya vidole. Viatu vya Kiholanzi, vinavyoitwa klompen, vimechongwa kutoka kwenye gogo moja na kufunika mguu mzima, kwa kawaida kwa mti wa mpopla au wa jamii yake, ulio mwepesi. Vilikuwa viatu vya kazi kwa watu wanaoshinda kwenye tope, samaki na ng'ombe. Havipitishi maji kirahisi, na kitu kizito kikianguka hakivunji kidole. Hadi leo wapo wakulima na watunza bustani wanaovivaa kazini.

Kila kipande kilikuwa na kazi yake

Ile kofia aliyoiita pembe inaitwa hul. Hushonwa kwa lesi, hukaushwa kwa wanga hadi isimame, kilele chake kimechongoka na pembeni ina mabawa mawili yanayojikunja kwenda juu. Wanawake wa Volendam hawakuivaa kila siku. Ilikuwa ya Jumapili na sikukuu. Siku za kazi walivaa kofia ya kawaida, kwa sababu lesi iliyokaushwa haiendani na kuosha samaki.

Chini ya kofia kuna vazi la juu jeusi, kitambaa cha maua kinachokaa kifuani, sketi ya milia na aproni. Shingoni kuna mkufu wa shanga nyekundu zenye kifungo cha dhahabu kwa mbele. Zile za studio ni za kuiga, lakini za kweli zilikuwa marijani, na mwanamke aliyekuwa nazo alikuwa ameweka akiba yake shingoni. Bibi alizishika na kuzitaja kwa jina kabla hajaelezwa. Pwani ya Afrika Mashariki nako marijani ni pambo la heshima tangu zamani, na wazee wanajua kutofautisha ya kweli na ya bandia.

Mwanamume alivaa suruali pana nyeusi, koti fupi lenye vifungo vya fedha na kofia ya duara. Upana wa suruali ulimpa nafasi ya kuinama, kuvuta nyavu na kupanda mashua.

Watu wengi duniani hudhani hilo ndilo vazi la taifa la Uholanzi. Si kweli. Lilikuwa vazi la kijiji kimoja. Kila eneo la uvuvi na ukulima lilikuwa na lake: Marken, Urk, Spakenburg, Staphorst, visiwa vya Zeeland. Mtu aliyezijua aliweza kumtazama mwanamke sokoni na kusema ametoka wapi, ni wa dhehebu gani, na katika vijiji kadhaa hata kama yuko kwenye msiba, kwani familia iliyofiwa ilibadili nguo za rangi nyingi na kuvaa nyeusi, bluu au zambarau kulingana na ukaribu wa marehemu na muda uliopita.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye kanga, jambo hilo si geni. Nguo inaweza kusema kile ambacho mvaaji hataki kukitamka. Tofauti ni kwamba kanga husema kwa maandishi, na vazi la kijiji cha Uholanzi lilisema kwa rangi, kwa mkunjo na kwa urefu wa lesi.

Vazi la Volendam lilishinda mengine kwa umaarufu kwa sababu lilichorwa. Mwaka 1881 Leendert Spaander alifungua hoteli hapo kwenye tuta na kuwakaribisha wachoraji kutoka nchi mbalimbali. Walivutiwa na mwanga wa bahari, nyumba za mbao na wanawake wenye kofia zile. Baadhi waliacha michoro yao, na hadi leo kuta za Hotel Spaander zimejaa kazi zao. Michoro ikasafiri, kadi za posta zikafuata, watalii wakaja. Kofia ya Jumapili ya wake wa wavuvi ikaishia kwenye matangazo ya jibini.

Bahari iliyofungwa

Swali la bibi, wenyewe wako wapi, lina jibu lake majini.

Maji yaliyo mbele ya Volendam leo ni ya ziwa, tena baridi, yasiyo na chumvi. Karne moja iliyopita ilikuwa bahari, ikiitwa Zuiderzee, ghuba kubwa iliyoingia katikati ya nchi. Wanaume wa Volendam walivua humo heringi, dagaa na mikunga. Bahari hiyo iliwalisha na iliwaua pia. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Januari 1916, dhoruba ilivunja matuta sehemu kadhaa. Katika kisiwa cha Marken, kinachoonekana kutoka Volendam, watu 16 walikufa.

Mhandisi Cornelis Lely, aliyekuwa waziri, alikuwa na mpango wa miaka mingi wa kuifunga ghuba hiyo. Baada ya maafa, na baada ya uhaba wa chakula wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bunge lilipitisha sheria mwaka 1918. Tarehe 28 Mei 1932 pengo la mwisho la tuta kubwa, Afsluitdijk, lenye urefu wa kilometa 32, lilizibwa. Zuiderzee ikafa na ziwa IJsselmeer likazaliwa. Baadaye tuta jingine lililigawa ziwa hilo, na sehemu iliyo mbele ya Volendam sasa inaitwa Markermeer.

Nchi ilipata usalama na ardhi mpya ya kulima. Wavuvi walipoteza bahari. Serikali ilijua hivyo mapema, na mwaka 1925 ilitunga sheria ya kuwasaidia walioathirika. Lakini heringi haishi kwenye maji baridi. Chumvi ilipopungua, samaki wa bahari walitoweka, wakabaki mikunga. Vijana walianza kutafuta kazi viwandani na kwenye ujenzi. Aliyekwenda kufanya kazi Amsterdam hakuwa na sababu ya kuvaa suruali ya kuvutia nyavu, na binti yake hakutaka kuchekwa shuleni kwa ajili ya kofia.

Vazi halikupigwa marufuku na yeyote. Liliacha tu kurithiwa. Mama alilivaa hadi kufa kwake, bintiye akalivaa Jumapili, mjukuu akalivaa siku ya tamasha. Leo wanaolivaa kama nguo yao ya kila siku ni wachache mno, na ni wazee. Wengine hulitoa kabatini siku za sherehe za mji.

Basi wenyewe wapo. Ndio wanaouza mikunga ya kukaushwa kwa moshi kwenye vibanda vya bandarini, ndio wanaoendesha mikahawa, na ndio wenye studio. Pale ambapo bahari ilikuwa inawaingizia chakula, picha nayo inaingiza kidogo. Mgeni anayevaa aproni ya Volendam hajaiba. Amekaribishwa na wenye nguo, na amewalipa.

Kofia iliyomwangukia mjukuu

Ndani ya studio lilizuka jambo jingine. Mvulana alivishwa suruali pana na koti, akajitazama kwenye kioo, kisha akanyoosha mkono kwenye kofia ya lesi ambayo bibi yake alikuwa ameikataa.

"Hiyo ya wasichana," baba yake alimwambia.

"Naitaka hiyo."

Baba alimtazama mhudumu kama anayeomba msaada. Mhudumu, mama wa makamo, alisema kitu kwa Kiholanzi na mkewe akatafsiri huku anacheka: kule Marken, ng'ambo ya maji, wavulana wa umri huo walikuwa wanavaa sketi.

Hakuwa anatania. Marken kilikuwa kisiwa cha Waprotestanti, wakati Volendam ni mji wa Wakatoliki, na vijiji hivyo viwili vilivyo karibu hivyo vilikuwa na mavazi tofauti kabisa. Watoto wadogo wa Marken, wa kike na wa kiume, walivishwa karibu sawa, sketi na kofia, kwa miaka yao ya mwanzo. Mvulana alipofikia umri wa kama miaka 6 ndipo alipovalishwa suruali, na hiyo ilikuwa hatua kubwa katika maisha yake. Mgeni asiyejua alihitaji kutazama alama ndogo kwenye nguo ili kujua yupi ni wa kike. Kisiwa kiliunganishwa na nchi kavu kwa barabara ya juu ya tuta mwaka 1957, na desturi hiyo ikaendelea kufifia.

"Babu yake akiiona hii picha atasema nini?" baba aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Atasema mtoto kavaa kofia," bibi alijibu. "Mwache, mkwe wangu. Ni mtoto."

Mvulana akavishwa hul. Ikamteremkia hadi kwenye nyusi.

Nani alimvisha nani

Kilichobaki kilikuwa uamuzi wa bibi. Mkwe wake, aliyekuwa amekaa kimya kwa heshima muda wote mama na binti wanavutana, ndiye aliyemweleza habari ambayo hakuwa ameisikia.

Kanga hazikuanza kwa kuchapwa Dar es Salaam au Mombasa. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya Ulaya, vikiwemo vya Uholanzi, vilichapa vitambaa kwa ajili ya soko la Zanzibar na pwani, kwa michoro iliyofuata matakwa ya wanawake wa huku. Wafanyabiashara waliandika barua kueleza rangi gani inatoka na ipi imekataliwa, na meli zikaleta mizigo. Kitenge nacho kina njia yake kupitia Uholanzi. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, ilijijengea jina kwa kuiga kwa mashine vitambaa vya batiki vya Java, wakati huo koloni la Waholanzi, na vitambaa hivyo vikapata wapenzi wao wakubwa barani Afrika.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, akatazama kanga aliyojifunga kiunoni chini ya koti la baridi.

"Kumbe wao ndio walianza kutuvisha," alisema.

Akauliza swali moja la mwisho, kama ni kweli hatavua chochote. Alipohakikishiwa, akaweka masharti yake. Aproni sawa. Shanga sawa, maana ni mfano wa marijani. Mtandio unabaki, na kofia asiletewe. Kanga ionekane. Binti alitafsiri, akitarajia ubishi. Mhudumu alitikisa kichwa kukubali, akaikunja pembe ya aproni na kuibana kwa pini ili pindo la kanga lionekane chini yake. Si mara yake ya kwanza kumvisha mgeni anayefunika kichwa.

Katika picha iliyotoka, baba ameshika kodiani asiyoijua kuipiga. Mama na binti yake wamevaa kofia za lesi na kutabasamu. Mvulana haonekani macho. Bibi amekaa katikati kwenye kiti, aproni ya milia imemfunika mapajani, mtandio wake kichwani, amenyooka kama anayesubiri kuitwa shahidi.

Walipotoka nje alidai picha ya pili. Walisimama kwenye tuta, mashua nyuma yao, kila mmoja na nguo zake, na mpita njia mmoja akawapiga kwa simu ya mama. Upepo ulikuwa mkali na mvulana alikuwa amenuna kwa kurudisha kofia. Bibi alisema hiyo ndiyo ya kupeleka Tanga, na ile nyingine ibaki Rotterdam kwa wajukuu, wacheke.

Ukienda na watoto

Mzazi anayepanga kwenda Volendam, au mahali pengine popote penye mavazi ya picha, anaweza kuzingatia haya:

- Uliza bei kabla ya kuvaa. Gharama hutegemea ukubwa wa picha, idadi ya nakala na wakati mwingine idadi ya watu. Uliza pia kama utapata nakala ya kwenye simu au ya karatasi tu.

- Nenda asubuhi. Mchana mabasi ya watalii hufika kwa wingi na foleni hurefuka. Mtoto aliyechoka hapigiki picha.

- Vaa nguo nyepesi ndani. Mavazi ya studio huvaliwa juu ya ulizonazo. Mwenye sweta nene atatoka jasho na kuonekana amevimba.

- Anza na maelezo, kisha picha. Mji una jumba dogo la makumbusho linaloonyesha mavazi na maisha ya wavuvi. Humo kuna pia chumba ambacho watoto hukikumbuka, kuta zake zimepambwa kwa mamilioni ya vikaratasi vinavyozungushwa kwenye sigara nene. Mtoto akijua kofia ile ilikuwa ya Jumapili na suruali ile ilikuwa ya kuvulia samaki, anavaa kwa adabu.

- Vuka kwenda Marken. Msimu wa utalii kuna boti ya abiria kutoka bandari ya Volendam, safari ya kama nusu saa. Watoto wataona jinsi vijiji viwili jirani vilivyoweza kuvaa tofauti.

- Usimlazimishe mtu. Iwe ni mtoto anayeogopa taa, au mzee mwenye sababu zake. Mwulize anakataa nini hasa. Mara nyingi hakatai picha, anakataa kitu kimoja ndani yake, na kitu hicho kinaweza kuondolewa.

- Piga na picha ya nguo zenu. Ile ya mavazi ni ya kufurahia. Ya nguo zenu itamwonyesha mtoto, miaka 20 baadaye, jinsi nyinyi mlivyokuwa.

- Andika nyuma ya picha. Majina, mahali na tarehe. Fanya hivyo siku ileile, mzee akiwa bado yupo wa kukusahihisha.